Vichwa vilivyoelea alfajiri: ushauri kwa wanaotaka kufuga kambale Bukavu

Bwawa langu la kwanza lilikuwa la are 2, yaani mita za mraba 200, katika bonde moja la Kabare, si mbali na Bukavu. Nilitia humo vifaranga 800 wa kambale mwezi wa tisa, mvua zilipoanza, na katika wiki ya tatu nikaanza kuona kila alfajiri vichwa vidogo vya samaki vikielea kandokando ya maji, bila viwiliwili. Nilimshuku fisi maji, nikamshuku mdiria aliyezoea kutua juu ya mkaratusi, nikawashuku hata watoto wa majirani, jambo ambalo linanihuzunisha mpaka leo. Mzee aliyenisaidia kuchimba bwawa hilo ndiye aliyenizuia nisiende kuwashtaki kwa wazazi wao. "Mwanangu," aliniambia, "mwizi wa samaki hawezi kukuachia kichwa." Usiku ule nilikaa ukingoni na tochi, na karibu na saa nne nikamwona kambale mmoja akipita polepole chini ya mwanga, kichwa cha mwenzake kikichomoza mdomoni mwake. Nilipoyatoa maji mwezi wa pili, nilihesabu samaki 143. Wachache kati yao walikuwa wakubwa ajabu, na hao ndio waliowala wengine.

Ninaandika haya kwa sababu watu wengi mjini wananiuliza juu ya ufugaji huu, na karibu wote wanauliza bei ya chakula na bei ya sokoni kabla ya kuuliza tabia ya samaki mwenyewe. Kambale, yule ambaye wataalamu wanamwita Clarias gariepinus, ni mwindaji. Anapatikana katika mito na maziwa mengi ya Afrika, Ziwa Kivu likiwamo, na anakula karibu kila kitu kinachoingia mdomoni: wadudu, konokono, vyura, samaki, mizoga, hata mbegu na majani. Macho yake ni madogo, nayo hayamsaidii sana, kwa maana anawinda hasa usiku na ndani ya maji yenye tope. Anategemea sharubu zake nane, ambazo zinagusa na kuonja kwa wakati mmoja, pamoja na vitundu vidogo vya hisia vilivyotapakaa ngozini, vinavyotambua umeme hafifu unaotoka katika mwili wa kiumbe kilichojificha matopeni. Kwa hiyo mtu anayedhani kwamba vifaranga wadogo watasalimika kwa kujificha chini ya magugu anajidanganya.

Kuhusu kulana kwao, ni lazima nieleze kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo hasara kubwa inapotokea. Vifaranga wanapokuwa wadogo na wanakaribiana kwa ukubwa, mwenye nguvu humkamata mwenzake kwa mkia, akammeza polepole hadi kufika kichwani, na kwa kuwa kichwa cha kambale ni kipana na kigumu, hukikata na kukiacha. Hivyo ndivyo vichwa vyangu vilivyopatikana. Baadaye, wale waliokula wenzao wanapokuwa wamewazidi wengine sana, mtindo unabadilika: wanaanza kuwameza wazima, kuanzia kichwani, wala hawaachi alama yoyote juu ya maji. Mfugaji anaona utulivu, anafurahi, kumbe bwawa linazidi kupungua kila usiku. Kinachoamua ni upana wa mdomo wa mlaji ukilinganishwa na upana wa kichwa cha anayeliwa, na ndiyo maana tofauti ya ukubwa ni hatari kuliko njaa, ingawa njaa nayo huongeza balaa.

Basi usinunue vifaranga kabla hujawaona ndani ya beseni jeupe, mchana, kwa macho yako. Yule aliyeniuzia wangu alikuwa amechanganya makundi mawili au matatu ya umri tofauti, nami sikujua cha kutazama. Ukiona mmoja amewazidi wenzake kwa nusu ya urefu, mwambie muuzaji amtoe, na kama wa namna hiyo ni wengi, rudi nyumbani na fedha zako. Tangu msimu wa pili ninawaweka kwanza ndani ya kizimba cha wavu, na kila baada ya siku saba hadi kumi, kwa wiki sita za mwanzo, ninawachambua asubuhi na mapema kwa kutumia ndoo zilizotobolewa matundu: wadogo wanapita, wakubwa wanabaki, na kila kundi linakwenda mahali pake. Siku moja kabla ya kuwachambua siwalishi, kwa sababu aliyeshiba huumia upesi anaposhikwashikwa. Chakula ninakigawa mara nyingi kidogokidogo, na sehemu kubwa ninaitoa jioni, saa ambayo wao wenyewe wangeanza kutafuta. Nimefunika pia sehemu ya kizimba kwa majani ya migomba, maana vifaranga wa kambale wakiwa kizani hutulia na kushambuliana kidogo kuliko wakiwa kwenye mwanga.

Jambo ambalo watu wa Bukavu wanalisahau ni baridi. Ziwa letu la Kivu liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, na mabonde ya Kabare yako juu zaidi, ilhali kambale hukua vizuri maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30. Rafiki yangu anayefuga upande wa Uvira, chini kabisa karibu na Ziwa Tanganyika, huvuna mapema kuliko mimi kwa chakula kilekile, na nilipoteza miezi mingi nikidhani kwamba ananificha siri. Ukifuga huku juu, usiyabadilishe maji ovyo kwa kuingiza mkondo wa kijito mchana kutwa, kwani unaingiza baridi bila faida. Kambale hahitaji maji yanayotiririka kama wengi wanavyodhani: juu ya matamvua yake ana kiungo chenye matawi kama kichaka kidogo, kinachomwezesha kuvuta hewa kutoka juu ya maji. Ila vifaranga hawana uwezo huo katika wiki mbili za kwanza, na wao ndio wanaokufa upesi maji yakiishiwa hewa.

Uwezo huo wa kuvuta hewa ndio unaomwezesha pia kutoka bwawani. Usiku wa mvua kubwa, anajikokota juu ya nyasi zilizolowa kwa kutumia miiba ya mapezi yake ya mbele. Nilijenga ukingo wa juu zaidi na kuzungushia wavu baada ya kuokota watatu kwenye shamba la viazi.

Na kuna kosa la mwisho nililolifanya mwaka wa pili. Nilitoa maji, nikavuna, nikadhani nimemaliza, kisha baada ya siku nne nikatia vifaranga wapya. Chini ya tope palikuwa na kambale mmoja mkubwa aliyebaki, akipumua hewa mahali palipobaki unyevu, na nilimkuta miezi mitatu baadaye akiwa na tumbo lililojaa. Sasa, mwezi wa sita kiangazi kinapoanza, ninapekua tope lote kwa mikono iliyovikwa kitambaa kizito, kwa kuwa miiba ile huchoma vibaya, kisha ninamwaga chokaa na kuliacha bwawa likauke mpaka udongo upasuke. Ninaingia ndani kwa miguu, ninatazama kila ufa, ndipo ninapompigia simu muuzaji wa vifaranga.