Jibu: Modeli ya uvimbe wa ubongo, asilimia 98

Mdogo wangu, umesema modeli yako ya akili bandia, inayotambua aina ya uvimbe wa ubongo, imefika usahihi wa asilimia 98 kwa ile data ya MRI (picha za ndani ya kichwa zinazopigwa kwa sumaku) iliyoko Figshare, tovuti ya kuhifadhi data za utafiti, unauliza kama uipeleke Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma. Hongera kwa kazi, ila ngoja kwanza.

Picha ni 3,064, lakini wagonjwa ni 233 tu, wote wa hospitali mbili za China. Kila mgonjwa ana wastani wa picha 13, zinafanana kama mapacha. Ukizichanganya zote ndipo utenge za kupimia, mgonjwa yule yule anaangukia pande zote mbili, wa kufundishia modeli na wa kuipimia, na modeli inakumbuka kichwa chake badala ya kuujua uvimbe. Gawa kwa mgonjwa, si kwa picha. Namba yake imo kwenye kila faili. Asilimia zitashuka. Usiogope, hizo ndizo za kweli.

Kinachonisumbua zaidi: data hiyo haina ubongo hata mmoja usio na uvimbe. Ni aina tatu za uvimbe, yaani glioma (wa seli za ubongo wenyewe), meninjioma (wa utando unaoufunika ubongo) na uvimbe wa tezi ya pituitari (iliyo chini ya ubongo), basi. Mama akitoka Chamwino na kipandauso tu, modeli yako lazima imchagulie mojawapo. Hilo linatisha.

Hospitali nenda, lakini ukakae na daktari wa radiolojia umuulize kazi gani inamlemea. Picha za wagonjwa usiziguse kabla ya kibali cha maadili ya utafiti.

Ukishagawa upya, weka hapa matokeo ya kila aina, hasa meninjioma, maana picha zake ndizo chache zaidi.