Bluzi: pa kuanzia, na filamu zisizokupotezea muda

Tangu filamu ya Sinners ianze kuzunguka mitaani, maswali ya bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, yamenijia kwa wingi kuliko nilivyotarajia. Leo nayajibu baadhi. Nitangulize jambo moja ili mjue upande wangu: filamu ya muziki mimi naipima kwa kuangalia kama mpigaji anaachwa amalize wimbo wake. Nyingi zinaanguka hapo.

Shikamoo mwandishi. Bluzi naisikia kwa mbali tu, sijawahi kukaa nikaisikiliza. Nianze na nani? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Anza na B.B. King, albamu ya Live at the Regal, iliyorekodiwa Novemba 1964 katika ukumbi wa Regal, Chicago. Utaona kwamba akiimba, gitaa linanyamaza. Akinyamaza yeye, gitaa linadakia. Hakuwa mtu wa kuimba huku akipiga, na zamu hizo ndizo zilizokuwa mtindo wake. Usiwasahau watu waliomo ukumbini. Kuna mahali analalamika kwamba amempa mwanamke watoto saba na sasa mwanamke anataka kumrudishia. Ukumbi mzima unalipuka kwa vifijo. Ukishasikia hapo hutasema tena kwamba bluzi ni kilio kitupu.

Kisha rudi nyuma hadi 1928, kwa Mississippi John Hurt. Gumba linashika besi bila kuyumba, vidole vingine vinachambua wimbo juu yake, na utaapa wako wawili. Santuri zake hazikuuzika, akarudi zake shambani Avalon, kijiji kidogo cha Mississippi. Alikuwa amekitaja kijiji hicho katika wimbo mmoja, na mwaka 1963 wapenzi wa santuri za zamani wakaufuata wimbo kama ramani, wakamkuta yupo palepale. Mwaka huohuo alikuwa jukwaani kwenye tamasha la muziki la Newport, Marekani.

Rekodi za zamani zinakwaruza mno, kama mtu anakaanga samaki. Hakuna zilizosafishwa? (Msomaji, Mombasa)

Zipo, ila kuna sauti ambazo hakuna fundi atakayeziokoa. Kampuni ya Paramount, iliyorekodi wengi wa wakongwe wa Mississippi, ilikuwa tawi la kiwanda cha viti huko Wisconsin. Walitengeneza makabati ya gramafoni, wakaona afadhali wauze na santuri za kuchezwa humo. Santuri zao zilikuwa za malighafi duni na hakuna aliyefikiria kuzitunza. Kwa hiyo unachosikia leo mara nyingi kimenakiliwa kutoka kwenye santuri iliyochezwa sebuleni kwa mtu mpaka sindano ikaila.

Hata hivyo vumilia, hasa kwa Charley Patton. Wimbo wake wa High Water Everywhere unahusu mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya mwaka 1927, na ulikuwa mrefu kiasi cha kuhitaji pande zote mbili za santuri, kwa kuwa upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi tu. Sauti yake ni nzito, ya kukwaruza yenyewe kabla hata ya sindano, na anapiga ubao wa gitaa kama ngoma. Sikiliza mara ya kwanza bila kuhangaika na maneno. Wamarekani wenyewe hawayapati yote.

Ni kweli Robert Johnson aliuza roho yake kwa shetani kwenye njia panda? Mimi ni mtu wa kusali, sitaki kuingiza kitu kibaya nyumbani. (Msomaji, Tanga)

Ondoa shaka, mama. Hadithi ya njia panda ilisimuliwa kwanza kuhusu mpigaji mwingine, Tommy Johnson, wala hawakuwa ndugu. Kwa Robert ilinogeshwa na mzee Son House, mpigaji bluzi wa Mississippi, aliyekumbuka kwamba kijana huyo alikuwa mpigaji mbovu wa kufukuzwa, akatoweka, kisha akarudi anapiga vitu vya kushangaza. Alikuwa wapi? Alikuwa kwa mwalimu. Mtu mmoja aitwaye Ike Zimmerman alimkaribisha na kumfundisha, na familia ya mwalimu huyo imesimulia kwamba wawili hao walikwenda kufanya mazoezi makaburini usiku, kwa sababu huko hakuna jirani wa kulalamikia kelele. Mimi hadithi hiyo ndiyo inayonivutia kuliko ya shetani: kijana amezomewa, akaenda kujifunza kwa bidii.

Alirekodi nyimbo 29 tu, Novemba 1936 huko San Antonio na Juni 1937 huko Dallas, akafariki Agosti 1938 akiwa na miaka 27. Hakuna filamu inayomwonyesha akipiga, kwa hiyo ukiona video yenye kichwa cha namna hiyo, achana nayo. Ile filamu ya Crossroads ya 1986 inauza hadithi ya shetani moja kwa moja. Gitaa la Ry Cooder ndani yake ni tamu. Mengine ni sinema.

Muziki wa Sinners ni bluzi ya kweli au ya Hollywood? (Msomaji, Nairobi)

Vyote viwili, na mimi sina ugomvi nayo. Kisa kinawekwa Clarksdale, Mississippi, mwaka 1932, na kijana mwimbaji anapewa gitaa anaambiwa lilikuwa la Charley Patton, ambaye kweli alikuwa hai wakati huo. Vilabu vya pombe vya aina ile vilikuwepo. Wanyonya damu ni wa Ryan Coogler, muongozaji wa filamu. Kipande ambacho wimbo unawaita waliotangulia na watakaokuja, wote wakajaa kwenye sakafu moja ya kuchezea, kimepita kipimo changu: wimbo umeachwa ukaenda mpaka mwisho. Usitoke kabla maandishi ya mwisho hayajaisha, kwani mzee anayeonekana pale na gitaa ni Buddy Guy mwenyewe, aliyezaliwa 1936 Louisiana.

Mbona kila orodha ya bluzi ni wanaume? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa sababu waandikaji wa orodha wanapenda mzee mmoja, gitaa moja na barabara ya vumbi. Biashara yenyewe ilifunguliwa na wanawake. Agosti 1920 Mamie Smith alirekodi Crazy Blues jijini New York, santuri ikauzika kwa wingi mno, na ndipo kampuni zikashtuka kwamba watu weusi nao wananunua. Wakafuata Ma Rainey na Bessie Smith, wote wakaanza kurekodi 1923.

Kwa Bessie nina neno la ziada. Sikiliza St. Louis Blues aliyorekodi Januari 1925 na Louis Armstrong, koneti, jamii ya tarumbeta, ikimjibu kila mstari. Halafu tafuta filamu fupi yenye jina hilohilo ya mwaka 1929, yapata robo saa. Ndiyo filamu pekee inayojulikana inayomwonyesha. Kisa ni chepesi: mwanamume anamsaliti, anamwacha. Lakini mtazame alivyoegemea kaunta ya baa, kilaji mbele yake, anauanza wimbo taratibu kama anajisemea, na wateja waliokaa mezani wanaupokea kwa sauti za kwaya. Hana haraka, wala mikono haitupitupi. Jamaa anarudi, anacheza naye, anamwibia pesa na kuondoka tena, naye anarudi kwenye wimbo. Ukitoka hapo itazame Ma Rainey's Black Bottom ya 2020, ya Viola Davis na Chadwick Boseman. Imetoka kwenye tamthilia ya August Wilson, kwa hiyo maneno ni mengi kuliko nyimbo. Mimi ningeomba wimbo mmoja zaidi.

Bluzi imewahi kufika kwetu, au ni sisi tu tunaoifuata? (Msomaji, Zanzibar)

Imefika hadi kwenu kabisa. Mwaka 2005 ilitoka albamu ya Taj Mahal, mkongwe wa Marekani, pamoja na Culture Musical Club ya Zanzibar. Humo utasikia Catfish Blues ikichanganyika na taarabu. Baadhi ya nyimbo zinakaa kama wageni waliokutana harusini, wanatabasamu tu. Zingine zinashikana barabara, hasa pale Taj anapopunguza mikogo na kuwaacha waungwana waongoze.

Kongo nako ilifika. Septemba 1974 lilifanyika tamasha kubwa Kinshasa, lililokusudiwa kwenda pamoja na pambano la Ali na Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, ngumi zikasogezwa hadi 30 Oktoba, lakini tamasha likaendelea. B.B. King alipanda jukwaa moja na kina Franco, Tabu Ley na Miriam Makeba. Filamu ya Soul Power ya 2008 ina sehemu ya hayo.

Na kuna jambo la zamani zaidi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis nchini Kenya wakiimba kuhusu Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers kwa matamshi yao, mzungu wa Mississippi aliyeimba bluzi kwa sauti ya kupandisha na kushusha kooni, na ambaye alishafariki tangu 1933. Sauti ilifika kwa gramafoni, sura haikufika, wakamuumba wenyewe. Rekodi inapatikana, ni fupi, na ni nzuri mno.

Nimeiona seti ya filamu saba za bluzi za Martin Scorsese. Nitazame zote? (Msomaji, Arusha)

Hapana, kaka. Ni za mwaka 2003, kila moja na muongozaji wake. Anza na Feel Like Going Home ya Scorsese mwenyewe, inayotoka Mississippi mpaka Mali kwa Ali Farka Touré. Fuatisha The Soul of a Man ya Wim Wenders, ukijua kwamba picha chakavu za miaka ya 1920 na 1930 humo ni maigizo ya leo yaliyopigwa yafanane na za kale. Piano Blues ya Clint Eastwood ni mazungumzo ya wazee kwenye piano, na wazee wanapiga. Red, White and Blues inawahusu Waingereza zaidi. Iache iwe ya mwisho, ukipata nafasi.