Nikikopi dividii ya kukodi, mwenye duka atajua?

SWALI: Asalam aleikum shekhe, mie hukodi dividii za sinema duka moja hapa Chake, juzi nikaikopi moja kwenye kompyuta ya kaka, sasa naogopa kuirejesha, watajua?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Diski haitakusema, leza, ule mwanga wa mashine, inasoma tu haiandiki kitu, uwe umetizama au umekopi inarudi vilevile, labda uwe umeikwaruza. Lakini dividii nyingi za sinema zina kufuli ndani la kuzuia kukopi, wanaiita CSS, kuivunja hakutokei kwa bahati mbaya, na Zanzibar tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2003. Mie yananiuma khasa, maana hata wasanii wetu wa hapahapa wanaumia kwa makopi hayahaya. Ile kopi ifute leo, diski kairejeshe.