Betula kwenye lava ya Goma? Panda grevilea

Ndugu, umeuliza kama mche wa betula, ule mti wa Ulaya wenye ganda jeupe, utakubali kwenye kiwanja chako cha mtaa wa Mapendo, hapa Goma. Mwambie shemeji yako wa Ubelgiji asijisumbue kuutuma. Mimi ninaishi kwa kuuza miche hapa mjini, na huo sikushauri.

Wengi watasingizia mawe. Betula haiogopi ardhi duni; kwao huwa kati ya miti ya kwanza kuota msitu ukishaungua. Kinachoisumbua ni majira. Hukua siku zikiwa ndefu. Zikifupika hufunga machipukizi, hupukutisha majani, halafu hungoja baridi ya wiki nyingi ndipo iamke. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana una urefu wa karibu saa 12 mwaka mzima. Betula inaona ni wakati wa kulala, na baridi ya kuiamsha haiji. Mteja wangu aliletewa mmoja ukabaki kijiti: ukikwaruza ganda kwa ukucha, ndani kijani kibichi, lakini hakuna chipukizi lililofunguka hadi ulipokauka.

Ukitaka mti mrefu wa kivuli chepesi, panda grevilea. Nayo ilitoka Australia, ila Kivu imeshaizoea, na nyuki wanayapenda maua yake.

Kazi yote iko kwenye shimo. Lava iliyomwagwa na volkano ya Nyiragongo mwaka 2002 ni jiwe tupu, vunja kwa mtaimbo mpaka ufikie ufa. Mwaga ndoo ya maji: yakituama, endelea kuvunja, maana mizizi ya grevilea ikikaa majini inaoza. Udongo wa kuletewa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, uushike kabla hujalipa. Ufinyange ukiwa na unyevu, ukimomonyoka wote umeuziwa mchanga. Changanya na samadi iliyooza vizuri. Kama uko bondeni, usishuke shimoni peke yako, mazuku, ile hewa ya sumu ya volkano inayotuama chini, haina harufu.

Panda mvua za Septemba zikianza, ili mche ushike kabla ya Juni. Toa mfuko wa plastiki wote (msicheke, naukuta kila mara). Kiangazi cha kwanza mwagilia jioni na utandaze majani makavu shinani. Baadaye matawi ya chini yakate bila huruma, yatachipua tena, na kuni unapata.

Lakini usiupande karibu na mabati ya jirani. Matawi ya grevilea huvunjika upepo ukivuma, na kesi za mabati mtaani kwetu tunazijua.