Maswali na Majibu: Kipuri kipo, hifadhidata yasema hakipo

SWALI: Duka letu la jumla la vipuri vya magari, Gerezani, Dar es Salaam, linatumia hifadhidata ya PostgreSQL 13. Hivi karibuni tulinakili faili zote za data kutoka seva ya zamani yenye mfumo endeshi wa Linux wa Debian 9 hadi seva mpya yenye Debian 11, bila kubadilisha toleo la PostgreSQL. Tangu hapo karani akitafuta kipuri kwa namba yenye kistari hujibiwa kuwa hakipo, ilhali akifungua orodha nzima anakiona. Aidha, namba kadhaa zimeingia mara mbili ingawa tulizuia marudio. Je, data yetu imeharibika?
Msomaji, Gerezani

JIBU: Ndugu msomaji, data iliyohama nanyi inaelekea kuwa salama, ninachokishuku ni faharasa, yaani orodha iliyopangwa ambayo hifadhidata huitumia kupata mstari haraka bila kusoma jedwali zima. Hakikisheni kwanza. Zimeni kwa muda, katika kikao kimoja tu, mipangilio inayoruhusu matumizi ya faharasa: enable_indexscan, enable_indexonlyscan na enable_bitmapscan, kisha rudieni kukitafuta kipuri kile kile kilichopotea. Kikionekana sasa, ambapo jedwali linasomwa mstari kwa mstari, basi faharasa ndiyo inayodanganya. Amri ya EXPLAIN itawaonyesha njia iliyotumika kila mara.

Chanzo kiko nje ya PostgreSQL. Isipoelekezwa vinginevyo, PostgreSQL 13 huuachia mfumo endeshi uamuzi wa neno lipi litangulie jingine, na katika Linux nyingi uamuzi huo hufanywa na maktaba ya glibc, ambayo katika toleo la 2.28, lililotoka mwaka 2018, ilibadilisha sana kanuni zake za mpangilio. Debian 9 ina glibc ya kabla ya badiliko hilo, na Debian 11 ina ya baada yake. Chini ya en_US.UTF-8, yaani mpangilio wa Kiingereza cha Marekani, kanuni za zamani ziliweka 11 kabla ya 1-1. Kanuni mpya hutanguliza 1-1. Mnaweza kulithibitisha hilo kwa amri ya sort katika seva zote mbili. Faharasa yenu ilipangwa kwa kanuni za zamani na sasa inasomwa kwa kanuni mpya, sawa na karani mgeni anayetafuta kwenye rafu zilizopangwa na mwenzake kwa utaratibu mwingine: hufika pasipo kitu na kutangaza kuwa hakipo. Marudio nayo yanatokana na hapo hapo, kwa kuwa kizuizi cha upekee huitegemea faharasa hiyo hiyo.

Faharasa za namba kamili na za tarehe haziguswi. Za maandishi zikagueni kwa kiongezi cha amcheck, kupitia bt_index_check, ambayo hutoa kosa inapokuta vipengele visivyofuata mpangilio.

Wengi hukimbilia REINDEX, amri ya kujenga upya faharasa, mara moja, nami naona ni haraka isiyo na faida, kwani faharasa ya upekee haitajengeka maadamu marudio yapo. Chukueni nakala rudufu, tafuteni namba zilizojirudia mkiwa bado mmezima matumizi ya faharasa, kisha mwamue kwa kila jozi mstari upi ubaki. Hapa pasiachiwe fundi peke yake: huenda mauzo ya wiki nzima yameandikwa kwenye mstari mmoja na mapokezi ya mzigo kwenye mwingine, na kufuta ovyo kutavuruga hesabu ya stoo. Mhasibu awepo.

Baada ya usafi huo, jengeni upya faharasa zote za maandishi. Duka likiwa limefungwa, REINDEX ya kawaida inatosha. Ikiwa ni lazima kazi iendelee, REINDEX CONCURRENTLY ipo tangu toleo la 12, ila huchukua muda mrefu zaidi.

Kwa safuwima ya namba za vipuri ningependelea mpangilio wa "C", ambao hulinganisha baiti kwa baiti na hautegemei kanuni za lugha yoyote. Na kama mna seva ya akiba inayopokea nakala moja kwa moja kutoka seva kuu, hakikisheni zote mbili zina glibc inayopanga maandishi kwa namna moja, kwa sababu seva hiyo hupokea faharasa jinsi zilivyo wala haizipangi upya.