Mbu wananing'ata kwa chini ya hamoki, neti nishone vipi?

SWALI: Shikamoo dada. Mwezi wa saba mimi na wenzangu wawili tunaenda kulala msituni Amani, kule Usambara Mashariki, na hamoki zetu, vile vitanda vya kitambaa vya kutundika kati ya miti miwili. Safari iliyopita nilitundika chandarua cha kawaida juu ya hamoki kikaning'inia mpaka karibu na chini nikajua nimemaliza kazi, asubuhi mgongo na mapaja yamevimba yote na nguo nilikuwa nimevaa. Neti za hamoki za dukani bei zake siziwezi. Naweza kushona mwenyewe? Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Unaweza kabisa. Ujue ukilala, kitambaa cha hamoki kinabana kwenye ngozi na mbu anachoma kwa chini kupitia kitambaa na nguo yako, kwa hiyo neti ya kufunika juu tu haikusaidii, lazima ikuzunguke mpaka chini ya mgongo.

Nunua neti ya kupima kwa mita, na tafadhali usichukue chandarua cha mama mjamzito pale nyumbani. Kama hamoki yako ni ya mita 3, kata vipande viwili vya mita 3 na nusu vyenye upana wa mita moja na nusu, viunge pande zote mbili kwa urefu upate kitu kama soksi ndefu iliyo wazi huku na huku. Neti inateleza sana kwenye cherehani, mimi naweka gazeti chini yake nashona vyote pamoja halafu nalichana, na mshono naukunja mara mbili maana hapo ndipo panapoachia. Kila mdomo kunja pindo upitishe kamba kama ya kaptula.

Sasa funga kamba nyembamba ya mita 2 na nusu kutoka ncha moja ya hamoki mpaka nyingine, ipite juu yako, na ndani ya neti shonea vitanzi vya utepe vipite kwenye hiyo kamba kama pazia. Bila hiyo neti inakulalia usoni na mbu anakuchoma kupitia matundu. Soksi unaivisha hamoki kabla hujafunga kwenye miti, eeh hilo usisahau. Kuingia, sukuma neti yote miguuni, kaa, lala, ivute mpaka kichwani ukaze kamba kwa ndani. Ukishalala iachie nafasi ya shubiri nzima chini ya mgongo, ikigusa hamoki umerudi kulekule.

Mbu wa malaria anauma usiku lakini wa dengi anauma mchana, kwa hiyo hata ukijipumzisha saa nane funga. Usubi ni wadogo, wanapita neti ya kawaida, kama wapo tafuta yenye matundu madogo zaidi. Na ukitumia neti yenye dawa ianike kivulini siku nzima kabla ya kuilalia, usiifulie mtoni, dawa ile inaua samaki. Moto wa kambi uwe mbali nayo, inashika haraka mno.

Ilalie usiku mmoja uani kwanza, mwambie mwenzako amulike tochi kwa chini aangalie wapi inagusa mgongo, hapo ongeza kipande.