Dogo, lipa ada kwanza: kwa anayeona ishara tangu utotoni

Usitume hiyo hela. Kama umeshatuma, acha kusoma, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako uombe wazuie muamala, halafu urudi hapa tuongee.

Kwa waliochelewa kuingia: dogo amemaliza kidato cha sita, amepata chuo, ada ya muhula wa kwanza anayo kwenye simu. Tangu mdogo anaota vitu halafu vinatokea. Sasa hivi kila akiangalia simu ni 11:11, risiti zinaishia 777, akimuwaza mtu, mtu huyo anapiga. Kuna mtumishi wa Mungu amemwambia huo ni mwamko wa kiroho, kwamba mlango wake unafungwa Jumapili, apande mbegu, yaani amtumie hiyo hela kama sadaka, na aahirishe chuo mwaka mmoja akae chini ya mafunzo. Anauliza maana ya 11:11, maana ya kuota maji mengi, kama kutafakari kunasaidia, na asome kitabu gani. Na waliotangulia kumjibu wamemwambia "hongera, wewe ni mteule". Hongera ya nini nyie? Mtamlipia ada?

Mimi natokea Ifakara. Kwetu ada ni mpunga. Kila mtu kule anajua gunia ukiliuza wakati wa mavuno unalia, ukilificha ndani mpaka Januari, Februari, linakulipa. Baba yangu alikuwa ameyaficha. Majina ya udahili yalipotoka nikiwemo, na bodi ya mikopo ikanipa sehemu tu ya nilichoomba, mzee alifungua stoo akauza yote kabla bei haijapanda. Alinihesabia noti mezani, akazifunga na rababendi ya vifurushi vya dawa, akasema, "Hesabu na wewe." Nikahesabu. Mama alishanishonea mfuko kwa ndani ya suruali kwa ajili ya vibaka wa stendi. Vibaka hawakuipata. Bora wangeipata wao, kibaka hakurudii Jumapili inayofuata.

Na mimi nilikuwa na historia kama yako. Niliota bibi yangu anavuka mto, asubuhi simu ikaingia kwamba amefariki. Tangu hapo nyumbani nikawa "yule mtoto mwenye macho". Kilichosahaulika kwenye hadithi hiyo ni kwamba bibi aliumwa msimu mzima, na msimu mzima mimi nilikuwa namuota: anavuka mto, anapika, ananichapa. Zile ndoto za kunichapa hakuna aliyezisimulia msibani.

Sasa nafika Dar kwa dada yangu, Kimara, kusubiri chuo kifunguliwe. Usiku nafungua Biblia yake bila kuchagua, inaangukia Yeremia 1: kabla sijakuumba katika tumbo nalikujua. Asubuhi natoka kununua mkate, daladala inapita imeandikwa kioo cha nyuma Yeremia 1:5. Jioni jirani ananialika kwenye mkutano wa maombi, mhubiri anasimama: tufungue Yeremia moja. Aisee, nywele zilinisimama. Ningekuwa na umri wa leo ningejiuliza kwanza ni mstari gani vijana wenye wito wanahubiriwa kuliko huo, na ni magari mangapi mjini yana maandiko nyuma. Na ile Biblia ya dada nilikuja kuishika tena baadaye sana: pale Yeremia 1 alikuwa ameweka kadi ya mchango wa harusi, kadi nene ya kung'aa. Hata ungeirusha juu ingefunguka hapo hapo.

Halafu mtumishi. Mniwie radhi wapenda watumishi, huyu namsema huyu. Aliniita katikati ya umati, akalitaja jina la baba yangu. Akasema, "Naona maji, naona majani mabichi mpaka macho yanapoishia." Mimi chali. Jina la baba angelijua wapi? Angelijua kwenye fomu ya wageni niliyojaza mlangoni kwa mkono wangu mwenyewe! Majina matatu kamili, unatokea wapi, namba ya simu, una ombi gani. Jina la pili ni la nani kama si la baba? Na Ifakara utaona nini zaidi ya maji na majani? Ningeandika natokea Dodoma angeona zabibu.

Akanishika hivyo hivyo wa kwako anavyokushika wewe. Kwanza kwamba muda unaisha. Pili kwamba nisimwambie mtu, kwa sababu Yusufu aliwasimulia ndugu zake ndoto wakamuuza. Ona ujanja huo: anachukua Mwanzo 37 anaigeuza kufuli la mdomo wako, ili mtu mwenye akili timamu asipate nafasi ya kukuuliza swali. Tatu, kufunga kavu na mkesha, mkesha na kufunga kavu. Hapo ndipo pabaya kuliko pote na hakuna aliyeniambia. Mtu asiyekula wala kulala, kila kitu kinamsemesha. Mimi nilikuwa natembea barabara ya Morogoro nasoma namba za magari kama barua yangu. Bango la sabuni lilikuwa linaniambia nitakaswe. Dada anasema nilikuwa nacheka jikoni peke yangu, mimi sikumbuki.

Katikati ya hali hiyo ndipo nikaitoa ile hela ya mzee. Yote, na rababendi yake. Nikaambiwa nisiache hata nauli, kwa sababu mjane wa kwenye Injili alitoa vyote. Usajili chuoni ukafunguliwa, ukafungwa, mimi nipo uani kwa mtumishi napiga deki. Ndiyo yalikuwa mafunzo yenyewe: deki, kubeba viti, na kuosha gari lake. Gari zuri, nilikiri.

Dada ndiye aliyenipeleka hospitali. Daktari, kijana tu, hakuniuliza habari za mapepo wala za imani. Aliniuliza, "Mara ya mwisho kulala usiku mzima ni lini?" Nikashindwa kujibu. Nililala, nikala, nikapewa na dawa za muda, na magari yakaacha kunisemesha. Usicheke. Daktari mmoja wa akili Mjerumani, Klaus Conrad, aliandika mwaka 1958 namna ugonjwa mkubwa wa akili unavyoanza kwa wengine: kabla mtu hajaanza kusikia sauti, anaanza kuhisi kwamba kila kitu kinachotokea kinamhusu yeye. Na umri ambao magonjwa hayo huanza kwa wengi ni huo huo wako, kuanzia ujana mpaka miaka ya ishirini na kitu. Sisemi unaumwa. Nasema kama hulali, na maana zinazidi kumiminika, na unasikia sauti inakuamrisha, hiyo ni safari ya hospitali, na maombi unaweza kuyafanya ukiwa kwenye foleni.

Nilirudi Ifakara. Nilipomweleza mzee kwamba hela niliipanda mbegu, alinyamaza, halafu akauliza kama mkulima anavyouliza, bila kejeli hata chembe: "Mbegu gani hiyo? Inakaa ardhini muda gani mpaka iote?" Nikasema wanasema ni kwa wakati wa Bwana. Akaitikia "haya", akachukua jembe akatoka. Msimu ule nilipandikiza mpunga kwenye majaruba ya watu kwa kibarua. Chuo nilikuja kusoma baadaye, stashahada, kwa hela yangu, na wenzangu niliomaliza nao sita walikuwa wameshaanza kazi. Nikimpigia mtumishi simu haipokelewi. Nilipopiga kwa namba ya dada akapokea, "Haleluya!" kwa furaha kubwa mpaka aliposikia sauti yangu.

Ndiyo maana nina sheria moja tu na nitaisema mpaka unichoke: ISHARA ISIGUSE ADA. Kwa ada namaanisha kitu chochote ambacho kikitoka hakirudi: nafasi ya chuo, kazi, kiwanja, ndoa, figo ukitaka. Ona ishara zako, furahi, lia, andika kwenye daftari, imba. Zikianza kukudai kitu kisichorudi, tena kwa haraka, tena kwa siri, unakaa juu ya hela yako mpaka umelala, umekula, na umemwambia mtu ambaye hafaidiki na jibu lolote utakalotoa.

Na msiniambie huko ni kukosa imani. Someni 1 Samweli 3. Mtoto anasikia sauti usiku, tena sauti ya kweli, anakimbilia kwa mzee Eli. Eli anamwambia nini? Mara ya kwanza, kalale. Mara ya pili, kalale. Hata mara ya tatu alipong'amua ni Bwana, bado alimwambia akalale, na ikimwita tena aitikie. Hakumdai kitu. Kijana aliambiwa akalale, na Mungu hakukasirika, alirudi kumwita. Gideoni naye aliomba ishara ya ngozi ya kondoo, akapewa, akaomba tena kinyume chake, akapewa tena, hakuna aliyemwambia mlango unafungwa Jumapili. Ndugu zangu Waislamu nao, ustadhi mmoja niliyekuwa napanga naye chumba alinielewesha kwamba kwao ndoto ni aina tatu: ya kutoka kwa Mwenyezi Mungu, ya kutoka kwa shetani, na ile ambayo ni nafsi yako tu inaongea na yenyewe. Mimi zangu nyingi zilikuwa hiyo ya tatu, tena inaongea imeshinda njaa.

Kuna mjuaji hapo juu kamtaja Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi. Sawa, tumtaje vizuri. Jung aliandika mwaka 1952 juu ya matukio yanayokutana kwa maana bila moja kusababisha lingine. Kisa chake maarufu ni cha mgonjwa wake mmoja aliyekuwa anasimulia ndoto ya kupewa kito cha dhahabu chenye umbo la mdudu, yule mdudu wa Wamisri wa kale. Wakati anasimulia, mdudu wa jamii hiyo akawa anagonga dirisha. Jung akafungua, akamdaka, akampa yule mama: huyu hapa mdudu wako. Kwa maelezo yake, mama yule aliyekuwa mgumu akalegea na matibabu yakaanza kwenda. Safi kabisa. Alipewa mdudu. Hakuambiwa auze nyumba.

11:11 ni hivi. Simu unaishika siku nzima. Ukiona 10:47 hukumbuki, ukiona 11:11 unapiga picha. Na kuna jambo linanichekesha mpaka leo: kwa saa zetu hiyo ni saa tano na dakika kumi na moja. Sasa malaika anayekutumia ujumbe anasoma saa ya nani? Bibi yako angeiona hiyo 11:11 angekwambia ni muda wa kubandika maharage.

Na hizo za "haiwezekani iwe bahati tu", waulize waliosoma hesabu. Weka watu 23 tu chumbani, uwezekano wa wawili kuwa na siku moja ya kuzaliwa unapita nusu. Weka 60, yaani mkondo mmoja wa shule zetu za kata, unapita asilimia 99. Sisi tulikuwa na pacha wa namna hiyo darasani, mmoja akaamini wameumbiwa kuoana. Wameachana.

Sikatazi kitu hapo. Umri wako ndio wa kuuliza mimi ni nani, nimeletwa duniani kufanya nini, na wakati mwingine unapita chini ya mwembe jioni unajisikia kama dunia yote imekutazama. Ni kitu kizuri na mimi bado kinanitokea, bado nasali, bado naota. Ila siku hizi ndoto ikiisha nainuka naenda kazini. Kama una wito wa kweli, utaukuta ukiwa mwaka wa pili, vyuoni kuna makanisa na misikiti kibao.

Ulikuwa na maswali mengine, nimeyasahau na sirudi juu kuyasoma, nina hasira. La maji watakujibu hawa wa "hongera".

Fanya hivi tu. Kesho asubuhi lipa ada kwa ile namba ya malipo uliyopewa na chuo, uthibitishe nafasi yako. Halafu mtumishi akipiga kukumbushia Jumapili, mwambie, "Baba yupo hapa karibu, anaomba aongee na wewe." Weka sauti ya juu, nyumba nzima isikie mtandao unavyoanza kusumbua.